Pete ya Ishirini

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, mjane mmoja alikuwa akimwagilia miche yake. Alikuwa na miche ya milimao, mipera na miti ya kivuli. Ilipangwa katika mifuko midogo myeusi, safu kwa safu, kuanzia ukuta wa jiko hadi langoni. Watu walikuja kununua kutoka mitaa ya mbali. Kwa kitalu hicho alikuwa amelea watoto wawili baada ya kufiwa na mumewe, na watoto hao sasa walikuwa na nyumba zao.

Asubuhi moja ya kiangazi ndoo yake ilipanda kutoka kisimani na matope. Aliyamwaga, akaishusha tena. Safari hii ndoo iligonga chini kama inayogonga sakafu. Mama huyo alisubiri. Alifagia ua, akaosha vyombo kwa maji ya jana, akarudi kisimani. Ndoo ikagonga tena.

Alikwenda kumwita mdogo wake, aliyekaa upande wa pili wa barabara. Mdogo wake alikuwa mchimba visima. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pete, kwa sababu ya pete za zege anazozishusha kisimani. Pete moja ni duara kubwa la zege, lenye kimo cha kumfika mtu mapajani. Kazi yake ni kuzuia mchanga usiporomoke. Kisima kikikauka, fundi hushuka, akachimba zaidi, na pete nyingine ikaongezwa. Mtaani kwao watu walijivunia pete kama wengine wanavyojivunia magari. Mwenye pete kumi na nane alimwonea huruma mwenye kumi na tano. Kisima cha mjane kilikuwa na pete kumi na mbili tu.

Fundi Pete alichukua kioo kidogo, akapeleka mwanga wa jua ndani ya kisima. Alitazama kwa muda mrefu.

"Mshipa wako umechoka, dada," alisema. "Kila ua una mshipa wake wa maji. Wengine mishipa yao ni minene. Wako ni mwembamba. Tuongeze pete tatu, utanishukuru."

"Hakuna mtu atakayeshuka humu," dada yake alijibu.

"Nitashuka mimi mwenyewe."

"Wewe ndiye wa mwisho ninayetaka ashuke."

Fundi hakubishana. Alijua sababu. Zamani alikuwa akichimba pamoja na shemeji yake, mume wa dada huyu. Miaka tisa iliyopita, kwenye kisima cha mteja mmoja, walishusha injini ya pampu hadi chini ili kuvuta matope haraka. Moshi wa injini ulijaa kule chini. Shemeji alishuka kurekebisha mpira, hakupanda. Fundi alikuwa juu, ameshika kamba. Tangu siku hiyo hakuna injini iliyoshushwa kisimani mbele ya macho yake. Na dada yake aliapa kwamba hakuna mtu atakayeingia katika kisima chake, kikauke au kisikauke.

"Nitangoja hadi mwisho wa mwezi," dada alisema. "Nikiwa bado sina maji, nitafunga nyumba. Nitakwenda kwa binti yangu, nikakae kwenye kiti nilishwe."

"Ulishwe wewe? Mkwe wako atahama yeye."

Dada yake hakucheka. Alikuwa akitazama mifuko myeusi. Majani ya milimao yalikuwa yameanza kujikunja.

*

Mwanzoni mwa mtaa kulikuwa na kiwanda kidogo cha matofali ya saruji. Mwenye kiwanda aliitwa na wote Bwana Tofali, na hata mke wake alimwita hivyo. Pampu yake ilinguruma kuanzia asubuhi hadi jioni. Matofali mapya yasipopata maji hupasuka, na yeye aliyamwagia kutwa nzima kwa mpira. Maji yaliteremka sakafuni, yakaingia katika mtaro wa barabara, yakapotea.

Bwana Tofali alikuwa na pete kumi na tisa. Wiki hiyo maji yake yalipungua, akamwita Fundi aongeze ya ishirini. Hakuna mtu mtaani aliyewahi kufika ishirini. Fundi alikwenda akiwa amevaa buti zake mpya.

"Tukifika chini kabisa, fundi," Bwana Tofali alimtania, "tutawauzia matofali watu wa upande wa pili wa dunia."

Walikuwa wameshaiviringisha pete hadi kando ya kisima alipofika mwanamke mmoja mwenye mkoba begani. Aliwaamkia, akajieleza. Alikuwa mpima maji. Ofisi ya maji ilikuwa imemtuma kupima visima vyote vya bonde lile, kutoka vilimani hadi kwenye mto. Mto wenyewe, alisema, ulikuwa mchanga mtupu tangu mwaka juzi. Aliomba apime kisima kabla hawajaanza kazi.

Alitoa utepe mrefu wenye kipande cha chuma mwishoni, akaushusha polepole huku ametega sikio. Chuma kilipogusa maji, alisoma namba.

"Mita kumi na moja na nusu," alisema.

"Umekosea, binti," Fundi alimwambia kwa upole. "Kisima hiki kina mita kumi na tatu na ushee. Nimekichimba mwenyewe."

"Sikatai, mzee. Urefu wa shimo utaniambia wewe. Mimi natafuta maji yako wapi."

Fundi alikuwa amechimba visima kwa miaka thelathini. Kila kisima alikipima kutoka mdomoni hadi chini. Umbali wa kutoka mdomoni hadi kwenye maji hakuwahi kuupima hata mara moja.

Mpima maji aliuliza kama kuna kumbukumbu zozote za visima vya mtaa. Hapo Fundi alichangamka. Alikwenda nyumbani, akarudi na daftari lililofunikwa kwa gazeti. Fundi alijifunza kuandika akiwa tayari na mvi, katika darasa la watu wazima. Tangu alipojua, hakushusha pete bila kuiandika: tarehe, nyumba na idadi ya pete. Hakuna aliyewahi kuomba kulisoma.

Mpima maji aligeuza kurasa. Aliacha kutabasamu. Akarudi mwanzo, akaketi juu ya pete, akampa Fundi daftari lake.

"Mwandiko ni mzuri sana, mzee. Lakini naomba unisomee wewe. Soma kwa mpangilio wa tarehe."

Fundi alisafisha koo. "Mwezi wa pili. Tofali, pete ya kumi na sita. Mwezi wa tatu. Mshona viatu, pete ya kumi na tatu. Mwezi huohuo, nyumba ya lango la bluu, pete ya kumi na nne."

"Mshona viatu na lango la bluu wanakaa wapi?"

"Wamepakana na hapa."

"Endelea."

"Mwaka uliofuata. Tofali, pete ya kumi na saba. Wiki tatu baadaye, mshona viatu. Wiki moja tena, lango la bluu." Sauti ya Fundi ilianza kushuka. "Halafu lango la bluu tena, pete mbili. Halafu Tofali. Halafu mshona viatu."

Katika ukurasa wa nne aliacha kusoma kwa sauti. Midomo yake iliendelea kusogea peke yake.

"Na kisima ambacho hakikuongezwa pete?" aliuliza mwishowe.

"Hicho hukauka kabla ya vyote. Kuna cha namna hiyo?"

"Kipo," Fundi alisema. Hakusema ni cha nani.

Bado alijaribu kujitetea. Alimwambia mpima maji kwamba yeye alifundishwa na mafundi wa zamani, nao walisema kila ua una mshipa wake. Mpima maji hakumcheka. Alimweleza kwamba katika bonde lile hakuna mishipa. Chini yao kuna tabaka la mchanga la mita nyingi, na chini ya mchanga kuna udongo mfinyanzi usiopitisha maji. Maji yamekaa ndani ya mchanga, kama yanavyokaa ndani ya godoro lililolowa. Yameenea chini ya nyumba zote, na ziada yake ndiyo iliyokuwa ikitokeza mtoni.

"Mnakunywa wote katika bakuli moja, kila mtu na mrija wake," alisema. "Mwenye mrija mrefu anapata. Wengine wananyonya hewa. Kisha nao wanaongeza mrija, na bakuli linazidi kuisha."

"Bakuli linajazwa na nani?"

"Na mvua. Lakini tazama mtaa wenu, mzee. Nyua zimesakafiwa. Maji ya paa yanaingia mtaroni, yanakwenda zake. Mnatoa kwa pampu, mnarudisha kwa kijiko."

Bwana Tofali aliuliza kama pete ishushwe au isishushwe, maana yeye ana kazi. Fundi alisema zege yake haijakomaa vizuri. Haikuwa kweli.

Mpima maji alipanga kuja Jumamosi kuwaonyesha watu wa mtaa. Fundi alimsindikiza hadi barabarani, akamwomba jambo moja. Aliomba daftari lisitajwe mbele ya watu.

"Daftari ni lako, mzee," mpima maji alijibu. "Mimi nitaonyesha karai la mchanga tu."

Siku zile Fundi hakula vizuri. Mke wake alipomuuliza, alisema ni jino. Kila alipotoka nje alimwona dada yake akivuka barabara na ndoo mbili za maji ya kuomba. Ndoo mbili hazikutosha hata safu moja. Dada alianza kuchagua miche ya kumwagilia na miche ya kuacha ife.

*

Jumamosi watu kama ishirini walikusanyika kiwandani, wakakaa juu ya matofali. Mpima maji alijaza karai mchanga, akaupiga hadi ukashikana. Alichukua makopo mawili membamba yaliyotobolewa matundu chini. Kopo moja alilizamisha kidogo. La pili alilizamisha karibu na chini ya karai. Kisha alimimina maji juu ya mchanga, wote wakangoja. Maji yakaonekana ndani ya makopo yote mawili.

Alimwomba mshona viatu ateke maji kwa kijiko kutoka kwenye kopo refu. Mshona viatu aliteka na kumwaga, akateka na kumwaga. Watu walisogea kutazama. Maji ya kopo refu yalipungua kidogo kidogo. Kopo fupi, ambalo hakuna aliyeligusa, lilikauka kabisa.

Palikuwa na kelele kidogo. Bwana Tofali alisimama.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi wa mtaa? Nikizima pampu, wanangu watakula zege?"

Mpima maji alisema hakuna mwizi, kwa sababu hakuna aliyejua. Alisema pia kwamba tangu siku hiyo wote wanajua.

Mjane alikuwa ameketi mbele. Macho yake hayakutoka kwenye karai.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Kama hilo kopo fupi ni kisima cha mtu, tuseme mshipa wake umechoka?"

"Hakuna mshipa, mama. Maji yake yamehamia kwenye shimo refu."

"Na hilo shimo refu amelichimba nani?"

Mpima maji alianza kufuta mchanga mikononi. Watu walitazamana. Fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ile pete ya ishirini, na daftari lilikuwa kwapani. Angeweza kunyamaza. Dada yake alikuwa ameuliza tu.

"Mimi, dada," alisema. "La Tofali ni mimi. La mshona viatu ni mimi. Yote ni mimi, na nimeyaandika humu. Nilikuambia mshipa wako umechoka. Nilikuwa nayahamisha maji yako mwenyewe, pete kwa pete."

Dada yake aliinuka, akakung'uta vumbi la saruji kwenye nguo yake.

"Miaka tisa nimekataa mtu asishuke kisimani kwangu, nisije nikazika mwingine," alisema. "Kumbe wewe ulikuwa unanizika mimi nikiwa juu."

Akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Hakungoja hata mwisho wa mwezi. Siku tatu baadaye gari dogo la mizigo lilisimama langoni kwake. Miche iliyokuwa bado hai aliwagawia majirani. Iliyobaki aliiacha katika safu zake, ikakauka ikiwa imesimama wima. Alimkabidhi mke wa Fundi ufunguo wa nyumba. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, naye hakuagwa.

*

Pete ya ishirini haikushushwa. Bwana Tofali alinuna wiki nzima, kisha akakubali kujaribu njia ya mpima maji. Matofali mapya yalifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, na juu yake nailoni, ili unyevu usitoroke. Yalimwagiwa asubuhi na jioni tu. Pampu iliyokuwa ikinguruma kutwa sasa ilifanya kazi saa mbili. Na matofali yaliyopasuka yakawa machache kuliko zamani. Jambo hilo lilimshangaza Bwana Tofali kuliko habari zote za karai.

Watu wa mtaa walikubaliana kutoongeza pete. Haikuwa rahisi. Mwenye lango la bluu alisema maji ya uani kwake hayahitaji ruhusa ya jirani. Alileta mchimbaji kutoka mtaa mwingine, akashuka pete tatu. Alipata maji, lakini yalikuwa na chumvi, hata sabuni haikutoa povu. Mpima maji alieleza kwamba ndivyo ilivyo kule chini katika bonde lile. Baada ya hapo mwenye lango la bluu hakusema tena habari za ruhusa.

Fundi hakuwa na visima vya kuchimba. Akachimba mashimo ya mvua. Mpima maji alimfundisha. Maji ya paa hukusanywa kwa mfereji wa bati na kushushwa kwa bomba. Mvua ya kwanza humwagwa nje, kwa sababu imeosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mvua inayofuata huingia katika shimo la kimo cha mtu, lililojazwa kokoto chini, changarawe katikati na mchanga safi juu. Shimo huwekwa mbali na choo, na maji hayamiminwi kisimani moja kwa moja. Yanaachwa yapite mchangani taratibu, yachujwe. Watu walimcheka wakasema Fundi Pete sasa ni Fundi Kokoto. Alichimba mashimo kumi na moja. La kwanza alilichimba katika ua wa dada yake, kwa ufunguo alioazimwa na mke wake.

Mvua za mwaka ule zilikuwa haba. Kila mwisho wa mwezi Fundi alipita na utepe, akaandika namba kwa chaki ubaoni, nje ya kiwanda. Maji yalipanda shubiri moja, kiangazi yakashuka nusu yake. Baadhi ya watu walisema wamepotezewa muda. Wazee wawili walihama. Fundi alifungua kisima cha dada yake kila mwezi, akashusha utepe, na kila mwezi chuma kiligonga chini pakavu.

Mvua za mwaka wa pili zilikuwa za wastani. Zilipokwisha, Fundi alishusha utepe na kusikia chuma kikigusa maji. Aliutoa, akaukausha kwa shati lake, akapima tena. Kisha akampigia dada yake simu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka na nusu.

"Dada, kuna maji."

Upande wa pili wa simu alisikia kiti kikisogezwa.

"Umeshuka?" dada yake aliuliza.

"Sijashuka. Nimepima kwa utepe. Yanafika magotini."

Alirudi baada ya wiki mbili, akiwa na begi moja. Alikuwa amekonda. Aliteka ndoo moja, akaitazama, akanawa uso. Fundi alikuwa amesimama langoni, hajui kama aingie au arudi. Alianza kuomba radhi, dada yake akamkatiza.

"Maji yamerudi kidogo tu," dada yake alimwambia. "Na mimi ndivyo nilivyorudi. Lete ngazi, usafishe mfereji."

Mwaka huo alipanda mifuko mia mbili. Zamani alikuwa na elfu moja. Aliweka majani makavu juu ya udongo wa kila mfuko ili usikauke upesi, akamwagilia jua likiwa limepoa. Aliteka ndoo nne kwa siku. Ya nne ikishapanda, alikifunika kisima, hata kama bado kulikuwa na maji.